Maumivu ya kiuno: Si kila mgongo unaouma ni figo

MAUMIVU ya sehemu ya chini ya mgongo, ambayo wengi huyaita maumivu ya kiuno, ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kutimiza shughuli zao za kila siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na tatizo hilo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo huenda ikafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050.

Pamoja na wingi huo, chanzo chake bado hakieleweki vyema kwa wengi. Katika Afrika Mashariki, mtu anayelalamikia kiuno mara nyingi huambiwa na jirani kwamba figo zake zina hitilafu, au kwamba ana maambukizi ya njia ya mkojo, maarufu kwa jina la UTI. Mwanamume hutajiwa ngiri, mwanamke hutajiwa chango. Wengi huishia kununua antibiotiki katika duka la dawa bila kupimwa, na maumivu hubaki pale pale.

Ni kweli kwamba figo yenye maambukizi au mawe huuma. Hata hivyo, maumivu yake kwa kawaida huwa ubavuni, chini kidogo ya mbavu, aghalabu upande mmoja, na hayabadiliki sana mgonjwa anapoinama au kugeuka. Huambatana na homa, kutetemeka, kichefuchefu, au mkojo wenye damu ama unaochoma. Maumivu yanayozidi mtu anapoinama, anaponyanyua kitu au anapokaa muda mrefu, kisha yakapungua anapobadili mkao, kwa kawaida hutoka katika mgongo wenyewe.

Sehemu hiyo ya mgongo ina pingili tano kubwa zinazobeba uzito wa kiwiliwili chote. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kisahani chenye ukingo mgumu na kiini laini kinachopunguza mtikisiko. Pembeni kuna viungo vidogo, kano na misuli, na katikati hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni.

Kwa mujibu wa WHO, takriban asilimia 90 ya wagonjwa wa kiuno hawana ugonjwa mahususi wala jeraha moja ambalo daktari anaweza kulitaja kuwa ndilo chanzo. Hii haina maana kwamba maumivu hayo ni ya kubuni. Maana yake ni kwamba misuli, kano na viungo vimechoshwa au kuteguka kwa kiasi kisichoonekana katika picha, na mara nyingi hali hiyo hutulia ndani ya wiki chache.

Kazi nzito ni miongoni mwa mambo yanayochochea hali hiyo, na hapa mfano wa lumbesa unafaa kutazamwa. Gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kilemba juu huweza kuvuka kilo 100 kwa mbali, nalo hubebwa na mtu mmoja kutoka kwenye lori hadi sokoni. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1967, linataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55. Si ajabu kwamba mabishano juu ya lumbesa yamehusu zaidi mkulima anayepunjwa kipimo. Mgongo wa mpagazi hutajwa kwa nadra. Hata jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Si uzito pekee unaodhuru. Mzigo ulioshikwa mbali na mwili huuelemea uti wa mgongo kuliko ule ulioshikwa karibu na kifua. Kulima kwa jembe la mpini mfupi, kufua nguo kwa kuinama, kuendesha gari lenye mtikisiko na kukaa ofisini saa nyingi bila kunyanyuka, vyote hukichosha kiuno. Uvutaji wa sigara, unene uliokithiri na msongo wa mawazo navyo huongeza uwezekano wa maumivu kuwa sugu.

Wapo ambao diski zao huchomoza na kubana mshipa wa fahamu. Hao husikia maumivu makali yanayoteremka kutoka matakoni hadi chini ya goti, pamoja na ganzi au udhaifu wa mguu. Aghalabu diski zinazohusika ni mbili za chini kabisa. Wengi wao pia hupata nafuu bila upasuaji.

Picha za MRI huweza kupotosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20, wasio na maumivu yoyote, walikuwa na dalili za diski kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hivyo, kuambiwa kwamba diski imechakaa hakutoshi kuthibitisha chanzo cha maumivu.

Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, WHO ilihimiza elimu kwa mgonjwa na mazoezi, na haikupendekeza mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mgongo wala dawa kali za jamii ya afyuni kwa wagonjwa walio wengi.

Sehemu ndogo inayobaki ndiyo inayohitaji macho makali. Kifua kikuu huweza kuingia katika pingili hata kwa mtu asiyekohoa. Maumivu huanza polepole, huzidi usiku, mwili hukonda, na homa za jioni hujitokeza. Kikichelewa kugunduliwa, pingili huporomoka, mgonjwa akapata kibiongo au akapooza, ilhali ugonjwa huo hutibika kwa dawa zinazotolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, bruselosi nayo huleta homa za vipindi na maumivu ya mgongo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo.

Kwa wazee, saratani ya tezi dume au ya matiti huweza kusambaa hadi katika uti wa mgongo. Mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake imedhoofika, huweza kuvunjika pingili kwa kuanguka kidogo tu. Mjamzito huumwa kiuno kwa sababu ya uzito na kulegea kwa kano. Hali hiyo kwa kawaida huisha baada ya kujifungua.

Mgonjwa wa kiuno anayepata ganzi katikati ya mapaja, anayeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au ambaye miguu yote miwili inalegea, anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu iliyobanwa kiasi hicho huhitaji upasuaji wa haraka, na ucheleweshaji huweza kuacha ulemavu wa kudumu.