Kijiko, Mshumaa na Figo
Hospitali ya Guy, London, 1827–1843

Mgonjwa alifika uso na miguu vimemvimba. Dakt. Richard Bright (1789–1858) alichukua mkojo wake kidogo, akautia kwenye kijiko na kuushika juu ya mwali wa mshumaa. Ulipochemka ukaganda na kuwa mweupe kama ute wa yai, alijua kwamba mkojo una albumini, yaani protini inayopaswa kubaki ndani ya damu.

Wengine waliwahi kuiona protini hiyo. Bright ndiye aliyeunganisha mambo matatu: mwili kuvimba, protini kwenye mkojo, na figo zilizoharibika, alizozikagua wagonjwa walipofariki. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1827. Maradhi hayo yakaitwa kwa jina lake.

Ushauri wake
• Kujikinga na baridi na unyevu, na kuvaa flana.
• Kuepuka ulevi.
• Kupumzika na kula chakula chepesi.
• Kutolewa damu na kunywa dawa za kuharisha, tiba za kawaida za zama zile.

Tiba hizo za mwisho ziliwadhoofisha wengi, na leo zimeachwa. Uchunguzi wake haukuachwa. Mwaka 1842 alipewa wodi mbili zenye vitanda 42 na maabara pembeni, kwa wagonjwa wa figo pekee. Hadi leo, kupima protini kwenye mkojo ni miongoni mwa vipimo vya kwanza vya figo. Ni kipimo rahisi, na ugonjwa ukigunduliwa mapema, figo huweza kulindwa.