Kata Mti, Panda Mti: Hesabu ya Mvule

Ni wito uliozoeleka sana katika Afrika ya Mashariki: "Kata mti, panda mti." Ni wito mwema, na wananchi wengi wameuitikia. Lakini uko mti mmoja wa asili ambao historia yake nchini Uganda inatuonyesha kwamba wito huo peke yake hautoshi. Mti huo ni mvule. Na hesabu yake haisomeki msituni tu. Inasomeka pia mjini Kampala, katika mtaa wa Katwe, kwenye milango, vitanda na meza zinazotengenezwa kando ya barabara.

Katwe iko chini ya kilima cha Mengo, kwenye njia iendayo Entebbe. Zamani za ukoloni ilikuwa nje ya mipaka ya manispaa ya Kampala, ndani ya Kibuga, yaani mji wa Kabaka. Kwa hiyo kanuni za manispaa hazikumfikia fundi wa Katwe, naye aliweza kufungua karakana yake mbele ya nyumba yake. Wahunzi, maseremala, wachapaji wa magazeti na wanasiasa waliishi jirani kwa jirani. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa, na sehemu za Kibuga zikaingizwa katika mji. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, na maduka na viwanda vingi vikazorota, wananchi walikwenda Katwe kutafuta vipuri, sufuria, vitanda na milango. Tangu hapo jina la Katwe limekuwa jina la ufundi wa kujitegemea.

Sasa, fundi huyo alihitaji mbao, na mbao iliyopewa heshima ya kwanza ilikuwa mvule. Waganda huuita muvule. Huu ni mti mkubwa, uwezao kufikia urefu wa mita 50, wenye shina lililonyooka ambalo halina matawi mpaka juu sana. Mita moja ya ujazo ya mbao yake kavu huwa na uzito wa kilo 650 hivi. Ikipasuliwa huwa ya manjano, kisha hewa na mwanga huigeuza kuwa ya kahawia. Mchwa hawaipendi, na mvua haiiozeshi upesi, hata kama haikupakwa rangi. Ndiyo maana ilitengenezewa milango, fremu za madirisha, vyombo vya majini, bodi za malori, meza za maabara na samani za nyumbani. Hata katika pwani yetu, mvule ni miongoni mwa miti iliyochongewa milango mashuhuri ya Unguja.

Kazi yake haikuwa rahisi. Vumbi lake huwasha ngozi na pua za seremala. Na mara nyingine ndani ya shina hukutwa jiwe la chokaa, lililofanyika katika mti wenyewe, ambalo huvunja meno ya msumeno.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya msumeno kufika Buganda, mbao zilichongwa kwa shoka na tezo. Mitumbwi mikubwa ya Ziwa Viktoria, ambayo visiwa vya Ssese vilisifika nayo, ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea. Kazi ya namna hiyo ilikula siku nyingi, na wingi wa siku hizo ulikuwa ngao ya msitu. Mwaka 1878 alifika mmisionari Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti, ambaye karakana yake ilikuwa Nateete, magharibi ya Mengo. Alikuwa na zana za kihunzi na za useremala, na vijana walijifunza kazi kwake. Mwaka 1882, mama yake Kabaka Muteesa wa Kwanza alipofariki, ni Mackay aliyeagizwa kutengeneza majeneza makubwa matatu, moja ndani ya jingine, la katikati likiwa la shaba. Watu waliona kwa macho yao nguvu ya zana mpya.

Baadaye upasuaji wa shimoni ukaenea. Gogo liliwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavutana na msumeno mrefu kutwa nzima. Kisha ikaja reli. Mwaka 1901 ilifika Kisumu, na mwaka 1931 ikaingia Kampala. Busoga, nchi iliyokuwa ghala la mvule, ikawa imeunganishwa na bandari ya Mombasa. Mti uliokuwa ukihudumia kijiji ukaanza kuhudumia viwanda vya samani vya ng'ambo. Mwishowe ukaja msumeno wa injini, ambao huangusha kwa muda mfupi mti uliosimama vizazi viwili, na ukitumiwa kupasulia mbao huacha sehemu kubwa ya gogo kuwa unga na vipande.

Matokeo yake ni dhahiri. Kwa takwimu za serikali, misitu ilifunika asilimia 24 ya nchi kavu ya Uganda mwaka 1990, na kufikia mwaka 2015 ilibaki asilimia 9 hivi. Siku hizi mbao nyingi zinazouzwa Ndeeba, soko la mbao lililo jirani na Katwe, ni za mikaratusi na misonobari, na mbao ngumu nyingi huvuka mpaka kutoka Kongo. Mkaratusi, ambao asili yake ni Australia, una kazi yake, na si haki kumlaumu mkulima anayeupanda, kwa maana humpa fedha baada ya miaka kumi hivi. Lakini mbao yake ikiuzwa mbichi hujikunja na kupasuka. Mnunuzi maskini hununua kitanda leo, na baada ya miaka michache hurudi kununua kingine. Seremala analaumiwa, ilhali kosa limeanza mbali na karakana yake.

Hapo ndipo hesabu ya "kata mti, panda mti" inapokosa kulingana. Mvule huhitaji zaidi ya miaka hamsini kabla haujafaa kupasuliwa mbao nzuri. Aukataye mmoja na kupanda mche mmoja amelipa deni la shilingi mia kwa ahadi tu. Tena mche wenyewe una adui, mdudu mdogo ambaye huyafanya machipukizi yavimbe kwa vinundu na kufa. Miche ikipandwa peke yake, safu kwa safu, kwenye jua kali, mdudu huyo huimaliza. Zaidi ya hayo, mvule una mti dume na mti jike. Mmoja ukibaki peke yake, wenzake wote wamekatwa, hauna namna ya kuzaa mbegu. Na mbegu zenyewe husambazwa sana na popo walao matunda, wale wale waliolipa jina Bonde la Popo hapo Kampala.

Wazee wa Buganda hawakuwa wageni wa hekima hii. Kutoka mti wa mutuba walichuna gome la kutengenezea nguo, wakaufunga mti majani ya migomba, nao ukaota gome jipya. Mvule hauwezi kuvunwa hivyo. Ukuvuna ni kuuangusha. Lakini ulisalimika mashambani kwa sababu mkulima aliupalilia mche uliojiotea katikati ya migomba na kahawa, akauacha ukue pamoja na watoto wake. Kivuli cha shamba na mchanganyiko wa mimea viliukinga na yule mdudu kuliko mistari iliyonyooka ya shamba la miti.

Basi juhudi ianzie hapo. Miche ipo, na kituo cha mbegu za miti cha Namanve kinajulikana. Lakini la kwanza ni kumpa mkulima sababu ya kuuacha mche uliojiotea, na uhakika kwamba mti atakaoutunza utakuwa wake na wa wanawe. La pili ni kuiacha miti mikubwa iliyosalia, dume na jike, ibaki karibu karibu ili izae. La tatu linatuhusu sisi wanunuzi: mlango wa mvule wa zamani haufai kuwa kuni. Fundi wa Katwe, ambaye amefufua injini zilizotupwa, hatashindwa kuutengeneza upya.

Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za kuuangusha mvule tumezipata zote. Nyenzo ya kuurudisha ni subira, nayo haiuzwi Ndeeba. Kata mti, panda mti, ni neno jema. Kwa mvule tuongeze neno la tatu: na uache ukue.