Kuchakaa kwa cheni na gia za baiskeli za umeme: Mwongozo kwa wafanyabiashara na wachukuzi

Baiskeli zilizotumika kutoka Ulaya na Japani zimekuwa zikiuzwa kwa miaka mingi katika miji ya pwani na bara ya Afrika Mashariki. Pamoja nazo sasa huja baiskeli za umeme, zikiwemo zile za milimani zenye matairi mapana na mota katikati ya fremu. Mnunuzi wa kwanza hutazama betri, na ni haki yake. Lakini wengi husahau cheni na gia, sehemu ambazo kwenye baiskeli hizi huliwa haraka kuliko kwenye baiskeli ya kawaida. Baiskeli inayoonekana mpya kwa rangi inaweza kudai cheni, gia za nyuma na sproketi ya mbele kwa pamoja, na faida ya muuzaji ikaishia hapo.

Makala hii inaeleza chanzo cha kuchakaa huko, namna ya kukipima kwa rula, na mambo ya kuzingatia wakati wa kuagiza vipuri na kuvivusha mpakani.

Mota iko wapi?

Hili ndilo swali la kwanza. Baiskeli za umeme ziko za aina mbili kuu. Zipo zenye mota kwenye kitovu cha gurudumu. Hizi nguvu ya mota haipiti kwenye cheni, hivyo cheni yake huchakaa kama ya baiskeli ya kawaida. Zipo zenye mota katikati, penye mhimili wa pedali. Katika hizi, nguvu ya miguu na nguvu ya mota huungana na kupita zote kwenye cheni moja. Baiskeli nyingi za umeme za milimani ni za aina hii ya pili.

Mfano wa hesabu unaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Mota nyingi za milimani hutoa msokoto wa hadi Nm 85. Kwenye sproketi ya mbele ya meno 34, ambayo nusu kipenyo chake ni karibu milimita 69, msokoto huo huivuta cheni kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 126 hivi. Mwendeshaji wa kilo 70 akisimama juu ya pedali yenye mkono wa milimita 170 huongeza karibu kilo 173. Jumla ni kama kilo 300 zinazobebwa na cheni nyembamba iliyotengenezwa kupita kati ya gia 11 au 12 zilizobanana.

Cheni haivutiki, huliwa

Mafundi husema cheni "imevutika". Kwa kweli bati la cheni halivutiki. Kinacholiwa ni pini na mahali pini inapozungukia ndani ya kila kiungo. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa, na kila kiungo kinapojikunja hupoteza chembe ndogo ya chuma.

Umbali kutoka pini hadi pini kwenye cheni mpya ya baiskeli ni milimita 12.7. Kila kiungo kikipoteza sehemu sita tu za mia za milimita moja, cheni yenye viungo 114 huwa ndefu kwa milimita 7 hivi. Hiyo ni asilimia 0.5, na kwa cheni ya gia 11 au 12 huo tayari ndio wakati wa kuibadili.

Madhara hayaishii kwenye cheni. Cheni iliyorefuka haikai tena chini ya jino, bali hupanda kuelekea ncha. Uzito uliokuwa ukigawanywa kwa meno kadhaa huangukia jino moja au mawili. Meno huanza kuinama upande mmoja na kuchongoka kama pezi la papa. Baada ya hapo cheni huruka meno mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu, hasa kwenye mlima, na anaweza kuanguka.

Gia ndogo ndizo hufa kwanza. Gia ya meno 11 ina meno machache ya kugawana mzigo, na kila jino hukutana na cheni mara nyingi zaidi kuliko jino la gia ya meno 40.

Kupima kwa rula

Kipimo maalumu cha cheni kinapatikana kwa wauza vipuri, lakini rula ya chuma inatosha. Cheni ivutwe iwe imenyooka, kisha hesabu ianze katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, pini ya mwanzo ikihesabiwa sifuri.

- Milimita 304.8: cheni mpya.
- Milimita 306.3 (asilimia 0.5): ibadilishwe ikiwa ni ya gia 11 au 12.
- Milimita 307.1 (asilimia 0.75): ibadilishwe ikiwa ni ya gia 10 au pungufu.
- Milimita 307.8 (asilimia 1): gia za nyuma huenda zimeharibika pamoja nayo. Baiskeli ya gia moja ndiyo inayoweza kusubiri hadi hapa.

Siri ya kuokoa fedha iko kwenye mistari hii. Furushi la gia za nyuma hugharimu mara kadhaa bei ya cheni. Mwenye kubadili cheni mapema huweza kutumia cheni mbili au tatu juu ya gia zilezile. Anayengoja hadi cheni iruke hununua vyote kwa mara moja, kwa sababu cheni mpya ikifungwa juu ya meno yaliyoliwa huruka siku hiyohiyo.

Mwenye pikipiki pia anaweza kutumia rula hiyo. Cheni za namba 420 na 428, zinazofungwa kwenye pikipiki nyingi ndogo za bodaboda, zina umbali uleule wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, ingawa ni nene zaidi. Tofauti ni kwamba kikomo cha pikipiki ni kikubwa zaidi na hufuata kitabu cha mtengenezaji, na cheni hubadilishwa kwa seti pamoja na sproketi zote mbili.

Mambo ya kukagua kwenye baiskeli iliyotumika

Mbali na kupima cheni, mnunuzi aangalie sproketi ya mbele. Mota za Bosch za kizazi cha pili, zilizoanza kuuzwa mwaka 2014, zina sproketi ndogo ya mbele inayozunguka mara mbili na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Meno yake ni machache na hukutana na cheni mara nyingi, kwa hiyo huliwa upesi. Mota mpya zaidi za milimani za kampuni hiyo zilirudi kwenye sproketi ya ukubwa wa kawaida.

Baiskeli za umeme za Japani zina historia ndefu zaidi. Yamaha ilianza kuuza PAS mwaka 1993. Nyingi za baiskeli hizo za mjini zina gia ndogo ya pili iliyofungwa kwenye mota yenyewe, ambayo huisukuma cheni moja kwa moja. Gia hiyo imejificha nyuma ya kifuniko na mara nyingi haikaguliwi. Ikiliwa, mota hulia lakini baiskeli haipati nguvu sawasawa, na mnunuzi hulaumu betri bila sababu.

Jaribio la mwisho ni kupanda mlima mfupi kwa gia ndogo ya nyuma huku mota ikiwa kwenye kiwango cha juu. Cheni ikiruka, bei ishushwe kwa gharama ya seti nzima au baiskeli iachwe.

Matunzo kwenye barabara za vumbi

Oili chafu ya injini ni rahisi kupatikana lakini haifai. Ni nzito, hunasa vumbi la murram, na tayari ina chembe za chuma ndani yake. Cheni ipanguswe kwa kitambaa, ioshwe kwa mafuta ya taa ikiwa chafu sana, ikauke, kisha itiwe tone moja la oili ya cheni kwenye kila kiungo upande wa ndani. Baada ya dakika chache oili iliyobaki nje ipanguswe, kwa kuwa inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Maji ya presha yasielekezwe kwenye mota wala kwenye vitovu.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Mwendeshaji apunguze nguvu ya miguu wakati wa kubadili gia, kwani mota ya katikati ikisukuma cheni iliyo kati ya gia mbili hupindisha bati na kukata meno. Kwa anayebeba mzigo, kupanda mlima kwa gia kubwa ya nyuma huongeza maisha ya vipuri vyote.

Kuagiza vipuri vinavyolingana

Cheni zote za baiskeli zilizotajwa zina umbali mmoja wa pini, lakini unene hutofautiana. Cheni ya gia 8 ina unene wa nje wa milimita 7 na kidogo, ya gia 10 karibu 5.9, na ya gia 12 karibu 5.3. Cheni nene haipiti kati ya gia nyembamba. Anayeagiza ataje idadi ya gia za nyuma, aina ya kitovu kinachoshika gia hizo, na idadi ya viungo.

Watengenezaji wameliona tatizo la mota. SRAM ilitoa mwaka 2016 seti ya EX1 yenye gia 8 tu kwa ajili ya baiskeli za umeme. Shimano ilitangaza mwaka 2021 mfumo wa LinkGlide wenye meno manene, ikidai gia zake hudumu hadi mara tatu ya zile za kawaida. Kwa muuzaji wa vijijini, gia chache na nene ni bidhaa salama kuliko gia 12 nyembamba zisizo na vipuri karibu.

Mpakani

Katika orodha ya kimataifa ya ushuru, baiskeli yenye mota ya umeme haiko pamoja na baiskeli ya kawaida. Ya kawaida ni 8712.00, ya umeme huingia 8711.60. Cheni za rola ni 7315.11, gia za nyuma 8714.93, na pedali na mikono yake 8714.96. Kuandika baiskeli ya umeme chini ya namba ya baiskeli ya kawaida ni kosa linaloweza kuzuia mzigo wote.

Wafanyabiashara wadogo wakumbuke pia kwamba cheni iliyotengenezwa Asia haipati cheti cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Kariakoo au Kampala. Risiti ya manunuzi na hati za ushuru uliolipwa zisafiri pamoja na mzigo.

Neno bodaboda lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda. Baiskeli ya leo inaweza kuwa na mota, lakini mzigo bado unavutwa na cheni. Rula ya chuma mfukoni inafaa sana kwa yeyote anayetaka kuinunua.