Kukagua Daftari Kabla ya Kulihamisha: Sajili ya Ardhi ya Mailo ya Buganda tangu 1900

Mafundi wa kompyuta wana kanuni wanayoizingatia kila mfumo wa zamani unapokaribia kubadilishwa: kanzidata ikaguliwe na kukarabatiwa kwanza, ndipo programu mpya isimikwe. Kosa lililokaa muda mrefu katika mfumo wa zamani huwa limezoeleka. Makarani wanalifahamu na wanajua namna ya kulizunguka. Likihamishiwa katika mfumo mpya, ujuzi wa makarani haulifuati, na kuanzia hapo linasomwa kama ukweli. Makala hii inaitumia kanuni hiyo kuichunguza sajili ya ardhi ya mailo, ambayo chimbuko lake ni Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, na ambayo imehamishwa mara tatu: kutoka orodha za Lukiiko kwenda katika vipimo vya wapima ardhi, kisha katika daftari la hatimiliki, na hatimaye katika kompyuta. Inadaiwa hapa kwamba ukaguzi wa aina hii hugundua mgongano baina ya kumbukumbu mbili zilizoandikwa, lakini hauna njia ya kumgundua mtu ambaye hakuandikwa popote.

Mkataba wa Buganda ulitiwa saini tarehe 10 Machi 1900 baina ya Sir Harry Johnston, kwa niaba ya Uingereza, na watawala waliomshikia madaraka Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Ibara ya 15 ilikadiria kwamba Buganda ina eneo la maili za mraba 19,600, ikaligawa lote kwa hesabu kamili. Kabaka alitengewa maili 350. Machifu na wamiliki binafsi 1,000 walitengewa wastani wa maili nane kila mmoja, yaani 8,000 kwa jumla. Serikali ya Uingereza ilichukua misitu maili 1,500 na ardhi nyingine maili 9,000. Nchi ilikuwa haijapimwa. Waandishi wa mkataba walilijua hilo, kwa kuwa waliweka sharti kwamba upungufu wowote utakaodhihirika baada ya upimaji ungekatwa katika fungu la Serikali. Jedwali lilijazwa kabla ya data kukusanywa, na nafasi ya kusahihisha ikaachwa katika safu moja tu.

Kazi ya kutaja majina ilikabidhiwa Lukiiko huko Mengo. Wale 1,000 wa mkataba wakawa zaidi ya 3,000 katika orodha. Ikumbukwe kwamba alichopewa mtu mwanzoni kilikuwa kiasi cha ardhi, wala hakikuwa mahali. Aliyeandikiwa maili zake alikwenda kuchagua zilipo, mara nyingi vipande vipande katika masaza tofauti, na katika kipindi hicho watu walibadilishana na hata kuuziana madai ambayo hayajawekewa alama ardhini. Upimaji wa mgao huo wa kwanza ulikamilika 1936. Kwa miaka thelathini na sita, basi, orodha na ardhi vilikuwa kumbukumbu mbili zilizokuwa zikilinganishwa polepole, na wengi walioandikwa mwanzoni walifariki kabla ya mpima ardhi kuwafikia.

Uhamisho wa pili ulikuwa wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Buganda ya 1908 ilifafanua mailo kuwa milki ya kudumu. Kisha Sheria ya Usajili wa Hatimiliki ya 1922 ilileta utaratibu wa Torrens, uliobuniwa Australia Kusini mwaka 1858. Chini ya utaratibu huo daftari linakoma kuwa ushahidi wa haki na kuwa haki yenyewe: aliyeandikwa ndiye mwenye ardhi, ila pakithibitika udanganyifu. Laiti ukaguzi wa kina ungefanyika wakati mmoja tu katika historia hii, wakati huo ndio uliofaa.

Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo, wenye bibanja, hawakuwa na ukurasa katika daftari hilo. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliwapa kinga kubwa: kodi ya mwaka iliwekewa kikomo cha shilingi 10, na mwenye ardhi hakuweza tena kuwafukuza apendavyo. Hata hivyo kinga hiyo ilihifadhiwa nje ya sajili, katika risiti za busuulu na katika kumbukumbu za majirani walioshuhudia mipaka. Kuanzia hapo Buganda ilikuwa na haki mbili juu ya udongo mmoja, moja ikiwa na namba na nyingine ikiwa na mashahidi.

Miaka iliyofuata inaweza kuelezwa kwa ufupi. Ikulu ya Mengo ilishambuliwa Mei 1966, falme zikafutwa 1967, na ardhi rasmi ya ufalme ikaingia mikononi mwa serikali. Amri ya 1975 iliitangaza ardhi yote kuwa ya umma na kuigeuza mailo kuwa ukodishaji, mpaka Katiba ya 1995 ilipoirejesha. Katika muda huo maana ya daftari ilibadilishwa mara mbili huku kurasa zake nyingi zikibaki kama zilivyoandikwa.

Uhamisho wa tatu ulifanyika katika mwongo wa 2010, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ukianzia katika ofisi za Kampala, Jinja, Mukono, Masaka, Mbarara na Wakiso. Kabla ya mfumo mpya kutumika, kurasa za hatimiliki zilipigwa picha, maandishi yake yakaingizwa katika kanzidata, na ramani za vipimo zikageuzwa kuwa za kidijitali. Hapo ndipo ulinganisho ulipowezekana kwa upana ambao karani mwenye daftari moja mkononi asingeufikia.

Kasoro za sajili ya namna hii zina tabia zinazotofautiana, na kuzichanganya kumeleta madhara. Kuna kiwanja chenye hati lakini hakipo kwenye ramani. Kuna kilichopo kwenye ramani bila hati. Kuna hati mbili zenye namba moja ya kitalu na kiwanja. Kuna pia kasoro ya hesabu. Maili moja ya mraba ni ekari 640, na ikishagawanywa kwa warithi na wanunuzi, jumla ya vipande inapaswa kurudi kuwa 640. Isiporudi, mtu huharakisha kudhani wizi. Lakini mpaka uliopimwa kwa mnyororo enzi za ukoloni ukipimwa upya kwa setilaiti utatoa tofauti hata pasipo mhalifu. Katika Kibuga, eneo la mji mkongwe linaloizunguka Mengo, viwanja ni vidogo na vimegawanywa mara nyingi, kiasi kwamba tofauti ya mita chache hufika ukutani mwa nyumba ya mtu.

Fundi hana mamlaka ya kuamua ipi kati ya hati mbili ni halali. Awezacho ni kuiwekea rekodi alama ya zuio na kuipeleka kwa Msajili, ambaye Sheria ya Ardhi ya 1998 inamruhusu kufuta hati iliyotolewa kimakosa baada ya kuwapa wahusika notisi na nafasi ya kusikilizwa. Utaratibu huo ni wa polepole, na ipo sababu. Chini ya Torrens, kufuta mstari mmoja ni kumnyang'anya mtu ardhi. Mshauri wa sera anayepima ufanisi wa mradi kwa idadi ya rekodi zilizohamishwa kwa mwezi anawasukuma watendaji kuamua haraka jambo ambalo sheria imetaka lisikilizwe.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, serikali na Mengo walikuwa wakijadiliana juu ya mali za ufalme. Makubaliano ya tarehe 1 Agosti 2013 baina ya Rais Yoweri Museveni na Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II yalihusu, pamoja na mengine, ardhi ya makao ya zamani ya masaza na magombolola. Kila kipande kilichorejeshwa kilihitaji hati inayosomeka, na kwa hiyo ubora wa sajili ukawa suala la kisiasa.

Wenye bibanja bado wako nje. Sheria ya 1998 iliwawekea cheti cha ukaaji, lakini waliokichukua ni wachache sana. Kwa ardhi ya Kabaka, Bodi ya Ardhi ya Buganda, yenye makao yake Bulange, Mengo, imekuwa ikiwaandikisha wapangaji, na mwaka 2017 ilianzisha kampeni ya Kyapa mu Ngalo iliyowaalika kuchukua hati za ukodishaji. Wengine waliipokea kama njia ya kupata hati inayotambulika benki. Wengine waliiona kuwa mtego wa kubadili haki ya kudumu kwa haki yenye kikomo cha miaka. Matokeo ni kanzidata mbili, ya wenye hati iliyo chini ya wizara na ya wapangaji iliyo chini ya bodi. Ya kwanza hutafutwa kwa namba ya kitalu na kiwanja. Kibanja hakina namba hiyo. Mipaka yake ni mti wa mutuba, njia ya miguu, na ushuhuda wa jirani.