Maneno ya kwanza ya msafiri: somo kutoka Chunya

Ukijiandaa kwenda nchi ngeni, unaanza kujifunza maneno yapi? Mtalii anayekwenda Thailand kwa kawaida huanza na "sawatdi", yaani salamu, halafu "thaorai", kuuliza bei. Tunaona ni jambo la kawaida tu. Hebu twende Chunya ya miaka ya 1930, tuone kwamba hata hapo kuna uamuzi.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920. Uchumi wa dunia ulipoanguka baada ya 1929, wakaongezeka. Walikuja Wazungu na wenye maduka wa Kihindi, Wanyakyusa kutoka Rungwe, na vibarua kutoka Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Wakimbu walikuwa wenyeji, na lugha yao. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, ingawa wachache sana walikuwa wamezaliwa nacho.

Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu kiitwacho Up-Country Swahili. Jalada lenyewe linataja walengwa: askari, setla, mchimbaji madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kiliahidi Kiswahili kilichorahisishwa. Mazungumzo ya aina hiyo kati ya mabwana na watumishi yalikuja kuitwa Kisetla: ngeli zimevurugika, na amri ni nyingi. Lete. Ngoja. Fanya.

Sasa angalia: amri haihitaji jibu la maneno. Ukisema "lete maji", unaletewa maji, basi. Mtu angeweza kukaa miaka kumi akitoa amri, na asiweze kufuata hadithi moja inayosimuliwa jikoni kwake. Kosa kubwa halikuwa la ngeli. Alikuwa amejifunza sentensi zisizomruhusu mwenzake kusema kitu.

Kwa upande wa pili, mfikirie kijana wa Rungwe aliyefika machimboni akiwa hana kitabu. Alihitaji kujua maji yako wapi, unga bei gani, nani anaandika vibarua. Kiswahili chake nacho huenda kilikuwa cha kuungaunga. Lakini kilikuwa cha maswali, na kila swali lilimrudishia maneno mapya. Lugha ya kuuliza hukua yenyewe.

Kwa hiyo ukipata kitabu cha misemo ya safari, au programu ya simu, usihesabu tu maneno. Angalia ni sentensi ngapi zinamwachia mwenyeji nafasi ya kujibu.

Leo ukienda Chunya, kama kilomita 70 hivi kutoka Mbeya mjini, Kiswahili kinakutosha kabisa. Ila asubuhi ukikutana na mzee wa Kinyakyusa, jaribu "Mugonile". Ukimkuta mfugaji wa Kisukuma na ng'ombe wake, mwambie "Mwangaluka". Atakujibu kitu ambacho pengine hutakielewa. Usione aibu, muulize maana yake.