Ateri Isiyokuwapo: Namna Picha za Shingo Zilivyofichua Kasoro Adimu ya Kuzaliwa

Damu inayolisha ubongo wa binadamu hupanda kwa ateri kubwa nne, yaani karotidi za ndani mbili zipitazo mbele ya shingo na ateri nyingine mbili zipitazo katika matundu ya pingili za shingo, lakini wapo watu wachache mno, wanaokadiriwa kuwa chini ya mmoja katika kila 10,000, ambao huzaliwa bila karotidi ya ndani ya upande mmoja, na wachache zaidi ambao hukosa zote mbili. Wengi wao huishi bila kuhisi lolote, kwa sababu chini ya ubongo ateri hizo huungana katika duara alilolieleza tabibu Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664, na kupitia duara hilo upande wenye damu huulisha ule uliopungukiwa.

Kasoro hii iliripotiwa mwaka 1787 na tabibu aitwaye Tode, aliyeikuta alipochunguza maiti, na kwa zaidi ya karne moja na nusu hapakuwa na njia ya kuitambua kwa mtu aliye hai. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, haikuleta jibu papo hapo, kwa kuwa damu na nyama huonekana ndani yake kwa kivuli kinacholingana, na ateri hupotea kabisa katika picha.

Aliyeliondoa giza hilo ni tabibu Egas Moniz wa Lisbon, aliyedunga ndani ya ateri dawa inayozuia eksirei ili ateri ionekane kwenye picha, na ambaye wakati huo vidole vyake vilikuwa vimepindwa na jongo kiasi kwamba sindano ilishikwa na msaidizi wake, Pedro Almeida Lima. Walianza na bromidi ya stronti, wakaiacha baada ya mgonjwa mmoja kufariki, kisha wakageukia iodidi ya sodiamu, na tarehe 28 Juni 1927, baada ya kupasua shingo ya kijana mwenye uvimbe wa tezi ya pituitari ili kuifikia karotidi, wakapata picha ya ateri za ubongo zikiwa zimesukumwa kutoka mahali pake na uvimbe huo. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba Tuzo ya Nobel aliyoipata Moniz mwaka 1949 ilitolewa kwa upasuaji wa ubongo wa wagonjwa wa akili, kazi ambayo leo inalaumiwa sana, na si kwa picha hizo ambazo tiba inazitumia mpaka sasa.

Mwaka 1954 tabibu aitwaye Verbiest alionyesha kwa njia hiyo ya Moniz mgonjwa asiye na karotidi ya ndani, lakini ugumu wa msingi ulibaki palepale: picha ya dawa huonyesha njia inamopita dawa tu, na ateri iliyozibwa na mafuta au damu iliyoganda huacha pengo lilelile linaloachwa na ateri ambayo haikuumbwa kamwe.

Jibu lilipatikana kwenye mfupa. Katika kiinitete ateri hutangulia, na mfereji wa karotidi, yaani tundu inamopita ateri hiyo katika msingi wa fuvu, hujengeka baadaye kuizunguka, hivyo pasipoumbwa ateri mfereji nao haujengeki, ilhali ateri iliyoziba ukubwani huacha mfereji wenye upana wa kawaida. Skani ya CT, ambayo Godfrey Hounsfield aliifanyia mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971, ndiyo iliyowezesha baadaye kukata picha nyembamba za mfupa huo na kulinganisha kulia na kushoto. Altrasaundi ya shingo huweza kuzua shaka pale karotidi kuu inapoonekana nyembamba isivyo kawaida, na MRI huonyesha mkondo wa damu ubongoni bila mionzi, ila hakuna kati ya hizo inayousoma mfupa kwa uhakika wa CT.

Tofauti hii kati ya ateri isiyoumbwa na ateri iliyoziba si ya vitabuni tu. Watu wenye kasoro hii hupata mara nyingi zaidi kuliko wengine uvimbe wa ukuta wa ateri unaoweza kupasuka, kwa kuwa ateri zilizobaki hubeba mzigo mkubwa wa damu, na kwa baadhi yao mshipa mbadala huvuka karibu kabisa na tezi ya pituitari, mahali ambapo mpasuaji anayeingia kwa njia ya pua anaweza kuukata bila kujua. Kwa hiyo ripoti inayosema kuwa karotidi ya ndani imeziba, bila mwandishi wake kuutazama mfereji wa mfupa, ni ripoti ambayo haijakamilika.