Bendera Mbili za Mkondo wa Faili: Historia Fupi ya feof, ferror na clearerr

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu zilizotegemea mashine hizo kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake. Katika kipindi hichohicho Dennis Ritchie alikuwa akiiunda lugha ya C katika maabara za Bell, Marekani. Katazo lilipolegezwa, C ilikuwa imekwisha komaa, na waliojifunza walipokea kanuni zake bila kuuona mjadala uliozizaa.

Kanuni moja inahusu usomaji wa faili. Kitendakazi getc hurejesha thamani ileile, EOF, iwapo faili limekwisha au diski imegoma kusomeka. Ichukuliwe orodha ya kaya za Kata ya Mkuza, Kibaha: programu ikikwama kwenye kaya ya 200 kati ya 300, itatoa jumla bila onyo lolote, na afisa ataipokea kama hesabu kamili. Maktaba iliyotoka na Toleo la Saba la Unix, mwaka 1979, iliweka bendera mbili ndani ya kila mkondo. feof huulizia mwisho, ferror huulizia hitilafu. Jukumu la kuuliza likaachwa kwa mwandishi wa programu.

Hapo ndipo wanafunzi wa Pascal walipojikwaa. Katika Pascal, eof hutazama mbele na kueleza kama kuna kilichobaki. feof ya C hutazama nyuma: bendera hupanda baada tu ya jaribio la kusoma kushindwa. Kitanzi kinachoongozwa na feof pekee, kwa hiyo, mara nyingi huihesabu kaya ya mwisho mara mbili.

Bendera ikipanda hubaki juu. Huteremshwa na clearerr, jina linalopotosha kidogo, kwa kuwa hufuta zote mbili wala halitengenezi chochote kilichoharibika. Kiwango cha ANSI cha mwaka 1989 kilibainisha tofauti ambayo vitabu vingi vya kufundishia huipita haraka: fseek ikifaulu hufuta alama ya mwisho tu, ilhali rewind hufuta na ile ya hitilafu. Programu inayorudi mwanzo wa orodha ya Mkuza kwa rewind, kabla ya kuiuliza ferror, huwa imefuta ushahidi pekee kwamba kaya 100 hazikusomwa.